Filamu ya Mzee Mwenye Mbuzi

Jumatatu, 4 Agosti 2008

Nimeamka na akili. Ni muda hilo halijatokea, kwa hivyo naandika kabla haijapotea.

Hali ni hii. Nataka kumwoa Wambura. Wambura anataka. Baba yake ndiye shida. Hataki kuniona mimi. Anataka kumwona baba yangu mlangoni kwake, mbuzi wa mahari wakiwa mbele. Amesema mwisho ni Jumapili hii. Baada ya hapo atamsikiliza Marete, yule mwenye duka la dawa za mifugo hapa Kiritiri, aliyetoka Meru na tai shingoni. Marete ameanza kupeleka pale dawa ya minyoo ya bure. Jamani! Mtu anatafuta mke kwa dawa ya minyoo!

Mbuzi wapo. Baba yangu, mzee Njuki, ana zizi limejaa mpaka wengine wanalala nje. Lakini ni mtu mgumu. Tangu nizaliwe hajanipa hata kwato. Nimempatia dawa: hadithi. Mzee mgumu halainishwi na mwanawe. Hulainishwa na mwana wa mtu mwingine.

Jumanne, 5 Agosti

Nimemwendea mwalimu Mbaka, anayefundisha fasihi sekondari. Nikamwomba kitabu ambamo baba anampa mwanawe mali kwa moyo mweupe. Akafikiri mpaka chai ikapoa. Akasema katika vitabu vyote alivyofundisha, baba na mwana hugombana, mwana akatoroka, akarudi wakati wa mazishi. Nikauliza hakuna hata wawili wanaoelewana. Akasema wapo wengi, lakini hao hawaandikiwi vitabu.

Akanipa kinene kimoja cha nchi ya baridi. Kisha akauliza kama nimejaribu kumwomba baba hao mbuzi. Nimecheka njia nzima. Watu waliosoma wana utani.

Jioni nikamsomea baba. Ugomvi nikauruka. Mazishi nikayaruka. Nikatia mbuzi. Nikasoma kwamba mzee wa kitabuni alimwita mwanawe, akamwambia chukua mbuzi hawa, nenda ukaoe. Baba akauliza ni wa rangi gani. Nikataja rangi. Akauliza kwenye barafu hiyo yote wanakula nini. Nikasema majani makavu. Akataka nirudie pale pa rangi. Nikarudia. Zikatoka rangi nyingine kabisa!

Baba akakichukua kitabu, akakipapasa, akasema kina karatasi nzuri. Akaenda kulala.

Jumatano, 6 Agosti

Kosa langu lilikuwa kitabu. Kitabu kina mwenyewe. Filamu ndiyo yangu. Katika banda langu la video, Mchina akifungua mdomo, anayesema ni mimi. Nashika maiki, natia Kiswahili. Mzee, kijana, mama, hata farasi. Hakuna wa kunibishia.

Nimekaa tangu asubuhi natafuta filamu yenye baba. Balaa! Baba wote wa sinema wanakufa mapema, ili mwana apate sababu ya kupiga watu mateke. Nilishazika kumi hivi, ndipo nikapata mmoja aliye hai. Mzee mwenye ndevu, juu ya kilima. Anamwita mwanawe, anamkabidhi upanga uliofungwa kwenye kitambaa, anamkumbatia. Kilichofungwa ni nani ajuaye? Nitasema ni kamba ya mbuzi.

Hapo hapo CD inakwama. Vizuri sana! Ikikwama nitatangaza mwisho, watu waende nyumbani na machozi yao.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeisafisha CD kwa dawa ya meno ili picha itulie. Baba nimemwambia kesho kuna filamu ya mbuzi. Ameuliza kama ni mbuzi wa maziwa.

Ijumaa, 8 Agosti

Baba alikuja na koti la kanisani na kigoda chake mwenyewe. Wazee wenzake nyuma yake. Mbele kabisa, Marete na tai.

Nilianza vizuri. Haki ya nani, sijawahi kuongea hivyo. Mzee wa kilimani akasema, kwa sauti yangu nzito, kwamba baba asiyempa mwanawe mbuzi amezaa jirani. Watu wakapiga makofi. Baba akaegemea mbele. Upanga ukatolewa. Nikasema shika kamba, mwanangu, wote ni wako. Wakakumbatiana. Nikangoja CD ikwame.

Haikukwama. Dawa ya meno!

Wakatokea majambazi. Mshale ukampata mzee kifuani, akaanguka. Nikasema kwenye maiki kwamba mzee amechoka, analala kidogo. Marete akauliza kwa nguvu kama China watu hulala na mshale. Banda zima likacheka.

Kisha yule kijana akarudi. Akambeba baba yake mgongoni, akapanda naye kilima kwenye mvua. Akapanda, akapanda. Nikashusha maiki. Mara ya kwanza banda langu lilimsikia Mchina mwenyewe. Baba akatoa kitambaa, akajifuta macho. Nikajua imeingia! Nikakimbia kuzima jenereta kabla haijatoka.

Baba akasimama. Akawauliza wazee kama wameona. Huyu mtu alitoa mbuzi wake asubuhi, akasema, na kabla ya jioni amekufa. Wazee wakakubali kwamba ni mambo ya kuangalia. Akabeba kigoda chake akaenda.

Jumamosi, 9 Agosti

Wambura ameleta ujumbe: imebaki kesho. Nimejaribu kukodi mzee mwingine awe baba yangu. Nimeuliza wawili. Wote wanamjua baba.

Saa kumi na moja baba akaniita zizini. Akaniita "baba" kama kawaida yake, kwa sababu mimi Mutugi nimepewa jina la baba yake. Akasema niseme. Nikauliza niseme nini. Akasema ninachotaka, bila yule Mchina.

Mimi! Msemaji wa majeshi mawili na farasi wao! Baba akangoja. Mbuzi mmoja akakohoa. Mwisho nikachukua ile sauti nzito ya filamu, nikasema, "Ee mzee wa kilimani, mwanao anaomba mbuzi akaoe."

Baba akacheka mpaka akashika mlango wa zizi. Akanionyesha mbuzi wenye uzi mwekundu masikioni. Mimi nilidhani ni wagonjwa! Kumbe ni wangu. Aliwatenga tangu mwezi wa tano, alipoongea na baba ya Wambura. Hata ile siku ya mwisho waliipanga wao wawili, nishtuke niseme. Akasema mzee hamkimbizi mwanawe ili ampe mbuzi, mwana huomba. Yeye hakumwomba baba yake kitu. Baba yake naye hakumwuliza. Wakaishi hivyo boma moja mpaka siku ya kuzikana. Akasema jina la yule mzee ninalo, asingependa niwe na mdomo wake pia.

Kisha akauliza kama yule kijana alimfikisha baba yake juu ya kilima. Nikasema sijui, nilizima jenereta. Akasema nitazame.

Nimelia. Naandika hapa kwa sababu hakuna anayesoma. Akasema kuanzia leo nikitaka kitu nije, yuko hapa hapa.

Jumapili, 10 Agosti

Tumeenda! Baba na koti lake mbele, mbuzi nyuma, mimi nyuma ya mbuzi. Mbuzi wamepokelewa. Marete alikuwa pale na chupa zake. Baba ya Wambura akamwomba, maadamu yupo, awape mbuzi wetu dawa ya minyoo. Akawapa, tai ikilambwa. Wambura amecheka mpaka akakaa chini. Nina furaha hata sijui niiweke wapi.

Jioni nimetazama ile filamu. Alimfikisha. Nimemwambia baba. Akasema vizuri.

Jumatatu, 18 Agosti

Sasa shida ni nyumba. Siwezi kumleta Wambura katika chumba cha jenereta ninamolala. Baba ana kile kipande cha shamba kule chini, kimekaa bure, kinalea miiba. Kingenifaa kabisa. Lakini nitakipata wapi? Baba ni mtu mgumu.

Mwalimu Mbaka ameniambia nimwombe. Utani ule ule.

Lakini nimepata filamu! Ya Kihindi. Mzee, kijana, na mashamba mpaka jicho linachoka. Safari hii nimeitazama mpaka mwisho, na mzee hafi, anavunjika mguu tu. Nitaionyesha Ijumaa. Sijamwambia mtu.

Baba amepita hapa mlangoni sasa hivi. Ameuliza kama kuna jambo ninalotaka kumwambia. Nikasema hakuna, baba. Akasimama kidogo, akakuna ndevu.

Akauliza ile ya Ijumaa inaanza saa ngapi.