Mstari wa Arobaini

Jumatatu, 3 Machi

Jiwe limefika! Jeusi, refu kuliko mlango wa nyumba yangu. Limelala kwenye nyasi za bustani mbele ya posta ya zamani, limefunikwa turubai kama mgonjwa. Anayeligharamia ni Mama Magodoro, mwenye kiwanda cha magodoro, ambaye baba yake alikuwa sajini wetu. Ni kwa heshima ya kikosi chetu na familia zetu, sisi tuliotupwa huku ugenini na vita miaka arobaini na moja iliyopita. Makaburi ya wenzetu yako ng'ambo ya mpaka. Hatujui hata majani yake yamefika wapi. Sasa tutapata mahali pa kusimama.

Jiwe lina mistari arobaini. Marehemu waliothibitishwa ni thelathini na tisa. Kamati imeamua kwamba mstari ukibaki, apewe mzee aliye hai aliyetumikia muda mrefu kuliko wenzake. Nani huyo? Mimi! Kinyozi wa kikosi, miaka kumi na miwili na miezi miwili. Anayenifuata ni Tarumbeta, aliyekuwa akitupigia tarumbeta la alfajiri. Miaka kumi na miwili na mwezi mmoja. Mwezi ni mwezi.

Nimemwambia mke wangu ajiandae kuwa mke wa mtu aliyeandikwa kwenye jiwe. Kasema yeye ni mke wa jiwe tangu siku ya harusi.

Jumanne, 4 Machi

Tarumbeta amekuja saluni kunyolewa. Bure, kama kawaida yake. Akatangaza mbele ya wateja kwamba kinyozi si askari, ni mkasi uliovalishwa kofia. Ati yeye ndiye aliyewaamsha mashujaa. Nikamjibu kwamba yeye aliwaamsha, mimi nikawafanya watazamike. Akauliza nilifyatua risasi ngapi. Nikamuuliza tarumbeta lake liliua wangapi, ukiwatoa waliokufa kwa kelele.

Mkono ukateleza. Sharubu ya kushoto sasa ni fupi kuliko ya kulia. Ajali kazini.

Alasiri nikaenda kwa katibu wa kamati, mwalimu mstaafu, asiyevua kofia hata akiwa ndani. Nikamwahidi kumnyoa bure mwaka mzima, nikitumaini atanikumbuka siku ya kupitisha majina. Akavua kofia. Kipara! Yai tupu! Miaka yote hii nilimnunia nikidhani ananyolewa kwa jirani.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Amejitokeza marehemu wa arobaini.

Fundi wa zipu wa pale sokoni, mke wa dereva wetu, amepeleka jina la mumewe. Dereva hakuwa askari. Alikuwa raia aliyekodiwa pamoja na lori lake, kwa hiyo hayumo kwenye rejista ya kikosi. Mimi nimo. Yeye alivuka mto chini ya risasi mara sita, mimi nilivuka uwanja kufuata maji ya moto. Rejista haiulizi hayo, na mimi sikuona sababu ya kuikumbusha.

Mama Magodoro ndiye mwenyekiti. Kasema asiye kwenye rejista ashuhudiwe na wawili waliotumikia naye. Na mmoja wao ataje alama ya mwili wa marehemu, ilingane na ile ambayo mke ameiandika na kuifunga kwenye bahasha. Waongo wamekuwa wengi, tayari watatu wameleta babu zao wa kukopa. Akasema yeye anatoa jiwe, sisi tutoe ukweli, maana jiwe halifutwi kwa raba.

Mashahidi waliobaki mji huu ni wawili. Tarumbeta na mimi.

Tarumbeta kajiandikisha mbio kama aliyeitwa chakula. Kasema ni heri asome jina la dereva kila asubuhi kuliko la kinyozi. Lakini alama haijui. Dereva alishinda na kofia, na Tarumbeta siku zote alitazama mbele. Aliyesimama nyuma ya vichwa vyao ni mimi.

Nisiposema, hakuna atakayesema.

Ijumaa, 7 Machi

Mpango: kusahau. Mzee aliyesahau hashtakiwi. Nimeanza mazoezi ili Jumatatu nisahau bila kigugumizi.

Nimesahau kutia chumvi. Nimesahau kufunga mlango wa saluni. Saa sita nikamwita mke wangu kwa jina la dada yake. Kosa kubwa. Nimehamishiwa kwenye kochi.

Mke wangu kasema kichwa changu ni kizima kuliko saa ya benki. Kwamba namkumbuka mtu aliyeniibia kitana mwaka tuliooana, na rangi ya kitana, na meno mangapi yalikuwa yamekatika. Manne. Nilijibu kabla sijajizuia.

Jumapili, 9 Machi

Zipu ya koti langu la sherehe imekwama. Mke wangu akamwita fundi. Yule yule! Nina hakika kafanya makusudi, kisha akakumbuka ghafla kwamba ana safari ya dukani.

Mke wa dereva akaketi kwenye kiti cha jikoni na koleo yake na kipande cha mshumaa. Akaniita shemeji. Nikasubiri aniombe. Nilikuwa nimeshaandaa sura ya mtu asiyekumbuka, mdomo wazi kidogo. Hakuomba. Kuhusu jiwe, hata neno.

Akasema tu kwamba kila fomu ina mahali pa kuandika kama umeolewa au umefiwa, naye hupaacha wazi. Makarani humgombeza. Miaka arobaini na moja, shemeji, mimi si mke, si mjane. Na akisikia lori likibadilisha gia barabarani, kichwa kinainuka chenyewe. Akacheka. Kasema lori lile siku hizi lingekuwa chuma chakavu, na mwenyewe angekuwa chakavu zaidi.

Kisha akauliza ni nani aliyemwona mwisho.

Hapo nikasahau kusahau.

Nilimwambia yote. Ilikuwa asubuhi. Kulikuwa na majeruhi watatu ng'ambo ya mto. Dereva alisimamisha lori mbele ya kiti changu cha kunyolea, akaniambia panda kinyozi, tukawabebe. Nikasema nina vichwa vitatu vya kunyoa. Nilikuwa na kimoja. Akacheka, akasema basi nimwekee zamu, akirudi atakuwa wa nne. Lori lilifika katikati ya daraja. Daraja likalipuliwa. Nilikuwa bado nimeshika wembe. Hapakuwa na mtu wa kutafutwa, shemeji. Hapakuwa hata na lori.

Akauliza kwa nini sikumwambia siku zote hizo, na saluni yangu iko hatua mia mbili kutoka kwenye meza yake. Nikasema hakuniuliza. Nimeishi na jibu hilo miaka mingi na nililiona zuri. Leo nimelisikia likitoka mdomoni.

Akaendelea na kazi mpaka akamaliza. Akapandisha zipu, akaishusha, akapandisha tena. Akasema asante shemeji, sasa inafunga. Ujira wake akakataa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeingia kwenye kamati na mpango mpya, wa heshima. Kusema ukweli, kwa masharti. Nikapendekeza jina la dereva likichongwa, langu lichongwe pembeni, dogo, kama shahidi. Mama Magodoro akauliza kama jiwe ni cheti cha ndoa. Nikapendekeza lichongwe nyuma. Akauliza kama nina alama ya kutaja au niende nikanyoe watu.

Tarumbeta ananikodolea macho, sharubu moja huku, nyingine kule. Mke wa dereva anatazama meza.

Nikasema. Kovu nyuma ya sikio la kushoto, limepinda kama mundu, refu kama kidole gumba, nywele hazioti hapo. Nikaongeza ambalo sikuulizwa: kwamba lilimuuma likiguswa na wembe wa baridi, kwa hiyo wake nilikuwa naupasha moto kwanza.

Katibu akafungua bahasha. Kovu, nyuma ya sikio la kushoto. Na chini yake, kwa mwandiko wa taratibu: haogopi kitu ila wembe wa baridi.

Mke wa dereva akafunika uso kwa viganja. Mama Magodoro akapiga muhuri. Mstari wa arobaini umekwenda.

Tarumbeta akanipa mkono. Nikamwambia asizoee. Njiani mke wangu akasema kinyozi hajinyoi. Nimehamishwa kutoka kwenye kochi.

Jumamosi, 22 Machi

Uzinduzi. Watu wamejaa hadi ngazi za posta. Tarumbeta kapiga tarumbeta akakosea noti moja tu, nami ndiye niliyeisikia, na nimewaarifu wale ambao hawakuisikia. Mama Magodoro hakutoa hotuba ndefu. Kasema baba yake ni mstari wa sita, na kwamba miaka yote mama yake alikuwa akiweka maua dirishani kwa kukosa pa kuyaweka. Basi. Akashuka.

Mke wa dereva akasogea mwisho, watu walipopungua. Akapitisha kidole kwenye jina, herufi kwa herufi, kama fundi anayekagua mshono. Karani wa manispaa alikuwa akizunguka na fomu za familia. Akaomba kalamu. Pale palipokuwa wazi siku zote akaandika mjane, kwa herufi kubwa, akamrudishia karani fomu na kunyoosha mgongo.

Macho yangu yalitoa maji. Vumbi la jiwe jipya.

Naandika hapa ili isomwe na watakaokuja: jina ni upepo. Nimeridhika. Sitaki kuchongwa popote tena, na wala sitalitaja jambo hili.

Jumanne, 25 Machi

Mama Magodoro ametoa jiwe la pili! La sisi tulio hai. Mchonga mawe ataandika kila mmoja siku atakayoondoka, kuanzia juu kushuka, kwa mpangilio wa kuondoka.

Nikafurahi dakika mbili. Kisha nikaelewa. Wa kwanza kufa ndiye wa kwanza juu.

Na Tarumbeta ana kifua! Kaanza kukohoa tangu Jumapili, kakohoa kwa fahari, kalala kitandani na shuka hadi kidevuni kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Nimekimbia. Nimempelekea asali, tangawizi, blanketi langu zuri na daktari. Nimekaa kando yake mchana kutwa nikihesabu vidonge, nikamfungua mdomo kuhakikisha amemeza. Nimemwambia hafi mtu hapa. Akashika mkono wangu akalia, akasema hakujua kwamba ana ndugu.

Mke wangu alisimama mlangoni anafuta machozi. Kasema hatimaye nimejifunza utu.

Mimi nilikuwa naandika. Kwanza, Tarumbeta apone kabisa, atembee, anenepe. Pili, kesho asubuhi niwahi kwa mchonga mawe, kabla hajafungua, kumuuliza kama orodha haiwezi kuanza chini kupanda juu. Maana hapo mambo yanageuka, wa mwisho kuondoka ndiye wa juu, nami nitakuwa na sababu nzuri ya kuishi kuliko wote.