Nirudishieni Akaunti ya Daktari Mstaafu

Ndugu Msimamizi wa Jukwaa la Wanaotafuta Kazi za Afya,

YAH: KUFUNGIWA AKAUNTI BILA KUSIKILIZWA

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Kama una mafua, nakushauri usiwaulize wanachama wako, watakueleza ukweli wote.

Mimi ni kinyozi. Nina kiti kimoja, kioo chenye ufa pembeni, na binti mmoja aliyemaliza shule mwaka huu kwa alama nzuri. Tangu akiwa na miaka sita nimewatangazia wateja wangu kwamba atakuwa daktari wa upasuaji. Wengine nimewatangazia mara tatu, na hakuna aliyewahi kubisha, kwa kuwa mtu aliyefungwa shuka shingoni na wembe uko karibu na sikio lake huwa msikivu sana. Malalamiko yangu ni haya.

1. Jukwaa lako linasema kweli kupita kiasi. Binti yangu aliuliza kwa adabu kazi ya upasuaji ikoje. Nilitegemea watu wazima wamtie moyo mtoto wa mwenzao. Badala yake mmoja anayejiita Mguu Chuma akamhesabia miaka ya masomo, kisha akamsimulia jinsi alivyosimama kwa saa tisa mfululizo bila kwenda msalani. Mimi nasimama kutwa nzima na sijamsimulia mtu.

2. Kuna mwanamke anajiita Bibi Darubini, anasema anafanya kazi maabara. Huyu alimwandikia binti yangu aya sita kuhusu tone moja la damu. Aya sita! Tangu siku hiyo mtoto anatabasamu peke yake mezani. Juzi aliokota nywele sakafuni pangu, akaziweka chini ya lenzi ambayo mama yake husomea, akaniita nitazame. Nilitazama nikaona nywele. Yeye alikuwa ameona kitu kingine, na najuta kwamba sikumwuliza ni nini.

3. Kwa kuwa dawa ya moto ni moto, nilijiunga na jukwaa mwenyewe kwa jina la Daktari Mstaafu, bila binti yangu kujua. Nia yangu ilikuwa safi: kurekebisha upotoshaji unaoletwa na watu wanaojua wanachosema. Niliandika kwamba upasuaji ni kazi nyepesi, taa ikiwaka vizuri na mteja akitulia, nusu ya kazi imekwisha. Wanachama kumi na saba walinicheka. Binti yangu peke yake alinishukuru, akaniita mzee wangu, akaendelea kuniuliza maswali. Ndugu Msimamizi, nyumbani siku hizi mimi na yeye tunaombana chumvi tu. Jukwaani tuliandikiana kila jioni, yeye chumbani kwake na mimi sebuleni, ukuta mmoja katikati yetu. Katika wiki tatu nilimfahamu mwanangu kuliko miaka mitatu iliyopita, nikawa na furaha kubwa. Furaha hiyo ndiyo mliyoifunga.

4. Mliniuliza nilistaafu kutoka idara gani. Nilijibu bila kusita kwamba nilishughulika na kichwa, pamoja na kidevu kwa wateja wa siku nyingi. Saa moja haikupita, akaunti imefungwa. Hata mwizi wa kuku hupewa nafasi ya kujieleza.

5. Hili ndilo linaloniuma. Dakika chache kabla hamjanifungia, binti yangu alimwandikia Daktari Mstaafu faraghani. Alisema anataka kusomea kazi ya maabara na fomu zinafungwa Ijumaa, lakini hajui amwambieje baba yake. Alieleza kwamba siku mama yake alipofanyiwa upasuaji, baba alikaa kwenye benchi nje ya mlango tangu asubuhi, na daktari alipotoka na kusema mgonjwa amepona, baba alimshika mkono akashindwa kuuachia. Alisema ndoto ile ilianzia pale, na anaogopa kumnyang'anya. Sikujua kama anakumbuka, maana alikuwa na miaka sita tu. Nilikuwa nimeshaandika "Mwanangu" mlipokata. Sasa anadhani mzee wa watu amempuuza, na tangu jana anaosha vyombo ambavyo ni visafi.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, akaunti ifunguliwe kwa saa moja tu, nimjibu amtii baba yake, maana wazazi wanaona mbali. Pili, Bibi Darubini apewe onyo kali, na kwa mwezi mzima aandike tu juu ya mambo ya maabara yanayochosha. Tatu, wiki zangu tatu jukwaani zihesabiwe kuwa mwaka wa kwanza wa udaktari, na mwaka huo apewe binti yangu, apunguziwe safari.

Wasalimie wanachama wote, wakiwemo wale kumi na saba. Mguu Chuma mwambie apate muda wa kukaa.

Ni mimi, mzazi na mdau wa afya,
Kinyozi, zamani Daktari Mstaafu

N.B. Barua zangu rasmi zote huwa naandika kwa kalamu, na binti yangu huzichapa. Leo pia nilimpa karatasi hizi kwa mazoea, nikaenda kazini. Nilikuwa nimemaliza upande mmoja wa kichwa cha mteja ndipo nikakumbuka nilichoandika. Nilimwacha kwenye kiti nikakimbia nyumbani na shuka begani. Nilimkuta binti yangu amefika namba tano, analia na kucheka kwa pamoja, nami nikamsaidia yote mawili. Kisha akaniuliza yule mzee alitaka kumjibu nini. Nilimwambia sijui alichotaka yule mzee, ila baba yake anasema ajaze fomu. Basi akaunti msiifungue, na onyo la Bibi Darubini lifutwe. Badala yake mwulizeni, tafadhali, kama mzazi anaruhusiwa kuingia mpaka ndani mtoto anapopeleka fomu, au anabaki kwenye benchi. Benchi nimelizoea. Tunaondoka sasa hivi, na mteja amekubali kuvaa kofia mpaka kesho.