Herufi Mia Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Bi Miwani, mwenzangu wa chumba cha seva hapa hospitalini, amegundua tundu. Programu ya kusimamia seva imetenga nafasi ya herufi sitini na nne kwa jina la mtumiaji. Ukizidisha, herufi zinafurika hadi sehemu ya kumbukumbu iliyo jirani, na seva inazitii kama amri. Mtu wa nje anaingia kama kwake! Anasema kiraka cha kuliziba kipo, kukiweka ni dakika kumi tu. Lakini neno la siri la kukiwekea ninalo mimi. Nimemwambia asubiri. Ijumaa wakurugenzi wanachagua mkuu wa kitengo. Tundu nitaligundua mimi, mbele yao.

Jumanne, 4 Machi
Baba mkwe kalazwa hapa hapa kwetu. Utumbo umeziba. Upasuaji keshokutwa. Mke wangu anataka nikae naye wodini. Nimemwambia nina kazi nyeti. Nilikuwa nafanya mazoezi ya hotuba mbele ya kioo cha choo cha wafanyakazi.

Jumatano, 5 Machi
Nimejaribu mwenyewe. Nikaandika herufi A mara mia tatu. Seva ikazimika! Maabara wakapiga simu wakifoka. Nikasingizia umeme. Bi Miwani hakudanganyika. Akanisihi, nusura apige magoti, niweke kiraka leo hii. Nikamwambia aache kiherehere, Ijumaa si mbali.

Alhamisi, 6 Machi
Wadukuzi wameingia. Saa mbili asubuhi, kila skrini nyeusi. Majibu ya damu, picha za eksirei, vyote vimefungwa. Baba mkwe alikuwa ameshavishwa gauni la upasuaji. Daktari akasema hamgusi bila vipimo, apimwe upya. Walipomaliza, saa nane, utumbo ulikuwa umeshapasuka.
Amefariki saa kumi na dakika tano. Mke wangu kauliza kitu kimoja tu: zile mashine si zako? Nikajibu ni zetu sote.

Ijumaa, 7 Machi
Kikao kimegeuka uchunguzi. Mkurugenzi kauliza nani alijua. Nikasema Bi Miwani, tangu Jumatatu. Si uongo! Kasimamishwa kazi. Alikusanya vitu vyake kwenye boksi, kisha akanipa mkono wa pole kwa msiba. Sikuweza kumtazama.

Jumamosi, 8 Machi
Mazishi kesho. Mume wa shemeji yangu ndiye atakayezungumza kwa niaba yetu sisi wakwe. Kwa nini yeye? Ana nini? Nimemwendea mama mkwe, macho yamemvimba kwa kulia, nikamweleza kwamba siku ile ni mimi niliyempigania mzee mpaka dakika ya mwisho. Kanikumbatia. Kesho nazungumza mimi. Natafuta tai.