Kitabu cha Njugu

Jumatatu, 7 Juni 1976
Nimeokoa kitabu! Njambi wa njugu alikuwa anakirarua pale kona, Kawangware, kila karatasi anaikunja anafungia mtu njugu. Anaanza kurarua kutoka nyuma! Nikamwomba kilichobaki. Akauliza kwani nitakula karatasi? Nikampa ndoo yangu nzuri, ile isiyovuja, tukabadilishana. Jalada hakuna. Mwisho hakuna. Lakini mwanzo upo, na ndani yupo bibi mmoja wa Mombasa, Mwanaisha, ambaye mumewe anataka kuhamia kwa mwanamke mwingine.

Nimesoma huku mwanangu Shivachi ananyonya. Nikalia mpaka chozi likamwangukia sikioni, akaniacha akanitazama. Mimi niliachia darasa la tano. Nilidhani vitabu ni vya hesabu na vya kanisa. Sikujua kwamba yale mwanamke anayoyawaza akisugua sufuria yanaweza kupigwa chapa. Kumbe kuna mtu anayajua!

Mume wangu Phanuel ni seremala. Tangu Pasaka yuko Kibera, huko Silanga kando ya dam, anamjengea tajiri mmoja kwa vifaa vya huyo tajiri. Kwanza alikuwa anarudi kila Jumamosi. Siku hizi Jumamosi inakuja peke yake. Watu wanasema huko kuna Sella anayeuza makaa. Watu wana midomo. Sanduku lake la vifaa bado liko chini ya kitanda changu. Seremala hajahama kama sanduku lake halijahama. Hilo nalijua hata bila kitabu.

Jumanne, 8 Juni
Wakoli, anayefanya kazi na Phanuel, amepita asubuhi. Amesema Phanuel sasa amepata kazi yake mwenyewe, atakuja Alhamisi kuchukua sanduku. Nikamwuliza, atalala? Wakoli akaanza kutazama kuku wa jirani. Akasema, shemeji, mimi nimetumwa habari ya sanduku tu.

Nikafungua kitabu haraka! Mwanaisha alifanya hivi: alifukiza nyumba kwa udi, akampokea mumewe na shikamoo, akampikia wali wa nazi. Mume akasahau kilichomleta. Akasahau ukurasa mzima! Kama hayo hayatoshi, Mwanaisha pia alificha kofia ya mumewe, ili arudi kuitafuta. Nitafanya yote. Sanduku haliendi popote.

Jumatano, 9 Juni
Udi, Kawangware yote hakuna. Nikamlaza Shivachi nje kwenye kikapu, nikaweka majani ya mkaratusi kwenye jiko na kipande cha sabuni ya kunukia juu yake. Moshi! Wakarima, mama mwenye plot tunayopanga, akaja mbio na karai la maji ya kufulia. Akamwaga kwanza, akauliza baadaye. Godoro limelowa. Akasema kama nasikia baridi nirudi kwetu Maragoli nikaote jua, si kumchomea nyumba. Nikamweleza ni mambo ya mapenzi, Mwanaisha wa kitabu cha njugu alifanya hivyo, yameandikwa. Akacheka mpaka akashika ukuta. Akasema mzee wake Githinji haitwi kwa moshi, anaitwa kwa supu ya kichwa cha mbuzi.

Nazi nimepata, Mungu mkubwa. Nimeiweka kwenye sufuria tangu saa sita. Inachemka, inachemka, bado ngumu kama jiwe. Kitabu hakisemi inachukua muda gani.

Nimetoa randa ya Phanuel, ile ya kulainishia mbao, kwenye sanduku, nikaificha ndani ya nepi za Shivachi.

Alhamisi, 10 Juni
Amekuja. Amekonda, au ni mimi nimesahau. Nikapiga goti kidogo, nikasema shikamoo bwana. Akarudi nyuma hatua moja. Akauliza nani amekufa. Hakuna. Akauliza kama nimeingia dini mpya. Akanusa, akauliza ni nini kimeungua humu.

Nikamwekea wali, na nazi yangu juu yake, nzima. Akaitazama. Akaigonga kwa kidole kama anayekagua mbao. Akasema, Mama Shivachi, si ungepika tu mboga yetu ya mrenda. Akataka kucheka! Nimeona kwa macho yangu, mdomo upande mmoja. Shivachi akamrukia kutoka mikononi mwangu, akanyakua penseli sikioni mwake kama zamani. Ikawa kama nyumba yetu kabisa.

Halafu akarudisha penseli sikioni, akainama, akavuta sanduku. Hakulifungua. Akaliweka begani, akaenda. Wali hakuugusa.

Chini ya kitanda pamebaki alama, mraba usio na vumbi. Sifagii hapo.

Jumamosi, 12 Juni
Amerudi! Mwanaisha hoyee! Nilisikia viatu vyake kabla ya hodi. Nikavaa leso ya arusi.

Amekuja kwa ajili ya randa. Nilijua, lakini nilidhani akifika atakumbuka mengine. Nikamwambia keti. Akabaki amesimama. Hakukasirika, na hapo ndipo paliponiuma. Angenigombeza ningejua mimi bado ni mke. Aliniita Kavetsa. Tangu mtoto azaliwe hajaniita hivyo. Akasema, Kavetsa, randa naweza kununua nyingine, usijitese. Akasema Sella ana mimba. Akasema maziwa ya Shivachi atakuwa anamtuma Wakoli alete.

Nikampa randa. Nilikuwa nimeipaka mafuta isishike kutu. Akaona, akafunga macho kidogo. Akambeba Shivachi muda mrefu sana, akamrudisha kwangu, akaenda.

Wagaki, binti wa Wakarima, naye amekuja kudai biro yake niliyoazima kuandikia. Siku mbaya huja na ndugu zake. Nimemwomba aniachie nimalize mstari huu tu.

Jumapili, 13 Juni
Kanisani sikuimba.

Mchana Wakarima amekuja na uji kwenye kibuyu, na karatasi yenye mafuta ya njugu. Mwisho wa kitabu! Alikuwa amenunua njugu kwa Njambi wiki iliyopita, karatasi akaitandika kwenye rafu yake. Baada ya kunicheka akaenda kuisoma. Leo hakucheka. Alinisomea mwenyewe, polepole, kama mtu anayelisha mgonjwa.

Mume wa Mwanaisha hakurudi tena. Mwanaisha alikaa na ile kofia mpaka siku moja akampa mchukuzi aliyekuwa anapita juani. Akasema, kofia ya mtu aliyehama ni kitambaa tu. Akafungua madirisha yote. Basi, ndio mwisho.

Wakarima akauliza, umesikia, mtoto wangu? Nikasema nimesikia. Tukanywa uji. Nililia kidogo, akajifanya anamtazama Shivachi.

Ameenda sasa. Nimeisoma tena mara nyingi, na kosa la Mwanaisha nimeliona. Kofia! Mtu anaweza kutembea kichwa wazi mpaka kaburini. Alitakiwa afiche kitu cha kazi. Na mimi na randa yangu nilikosea vilevile, randa ni kubwa, ilionekana haraka kwamba haipo. Kinatakiwa kitu kidogo.

Jana Phanuel alipomrudisha mtoto mikononi mwangu, Shivachi alikuwa ameshika penseli ya sikioni. Baba yake hakuona. Mimi niliona, nikanyamaza.

Seremala bila penseli atakata mbao wapi? Lazima atarudi. Ndiyo hii ninayoandikia. Ni fupi, imetafunwa kichwani kwa meno yake. Naandika herufi ndogondogo, isije ikaisha kabla hajafika.