Mashahidi Watatu wa Fundi Soli

Mzee Redio alifika kijiweni kabla kahawa haijachemka, redio yake kwapani. Habari ilikuwa moja: waliofungwa kwa makosa yasiyo yao sasa watalipwa fidia. Sote tukamgeukia Fundi Soli, mshona viatu wetu, aliyekaa jela miaka sita kwa jenereta iliyoibwa na mtu mwingine.

"Fundi, umeula," akasema Kinyozi. "Dai na nywele. Uliingia nazo, umetoka na uwanja wa mpira."

"Nywele zilianza kukimbia mikononi mwako," akajibu, sindano haisimami. "Fomu ninayo tayari. Inataka majirani watatu waseme hawakuwahi kunitilia shaka."

"Si tupo hapa," akasema Mzee Redio.

"Wewe uliyebadilisha kufuli siku niliyotoka?"

"Lile la zamani lilikuwa na kutu, ndugu yangu."

"Na nondo za dirishani?"

Mzee Redio akatafuta stesheni nyingine.

"Mimi moyo wangu mweupe," Kinyozi akadakia. "Nilimwambia mke wangu huna hatia."

"Shemeji anasema ulimwambia, 'Lisemwalo lipo.'"

"Hakungoja nimalize."

"Ungemalizaje? 'Kama halipo laja'? Hapo ungenisaidia nini?"

Tulicheka, yeye hakucheka. Akaweka kiatu chini.

"Pesa zije zisije, nataka ile barua ya serikali ya kunisafisha. Binti yangu anaolewa mwezi ujao, na wakwe bado wananiita yule wa jenereta. Inaniuma, jamani."

Aibu ikatushika. Mimi mwenyewe, miaka sita ile, sikwenda kumtazama hata mara moja. Kalamu ikapita: Mzee Redio, Kinyozi, kisha mimi. Tukaapa kwa maandishi kwamba hatukuwahi kumshuku hata siku moja.

Mama Kahawa akaja kukusanya vikombe, akavihesabu, akavihesabu tena.

"Vilikuwa vinne. Naona vitatu."

Macho yetu, yote sita, yalikwenda moja kwa moja kwenye mkoba wa Fundi Soli.

Kikombe kilikuwa chini ya redio. Mzee Redio alikuwa ameiegemeza hapo ili isikorome.

Fundi Soli aliinua fomu yake, akaipuliza taratibu.

"Jamani," akasema, "si mngengoja wino ukauke?"