Flashi ya Ayeeyo wa Rhamu

Jumatatu, 3 Novemba 2025
Leo nimetumia akili! Eeddo Weris, shangazi wa hapa Galbet, ameoza binti. Anataka video ya sherehe ya wanawake ifike Rhamu kwa mama yake, nyanya tunayemwita ayeeyo, ambaye miguu ilimkataza kuja. Dada yangu Nasteho ndiye aliyeipiga. Mimi sijaona hata kidogo, wallahi. Hofu ya Eeddo: wanawake walicheza vichwa wazi, na gari litakalobeba flashi limejaa wanaume. Nikamwambia atulie. Mimi ni mtu wa Linux. Flashi nitaifomati kwa ext4, mfumo wa Linux, na kompyuta za Windows za mji mzima hazitaisoma. Akafurahi, akaniahidi kazi ya video za harusi za mabinti wawili waliobaki. Nasteho akauliza, na televisheni ya ayeeyo je? Wivu tu.

Alhamisi, 6 Novemba
Balaa. Flashi imefika, televisheni nayo haiisomi. Majirani wamejaa kwa ayeeyo, chai imeisha, kioo cheusi. Eeddo amenipigia mara tisa. Nasteho anasema nitumie exFAT, inasomwa karibu kila mahali. Nifundishwe na mdogo wangu? Nimetuma nyingine ya FAT32. Ila video ni giga sita, na FAT32 haipokei faili inayozidi nne. Nikakata mwisho bila kutazama, maana kutazama ni haramu kwangu. Mwisho wa harusi una nini? Watu wanarudi makwao.

Jumapili, 9 Novemba
Kumbe mwisho una buraanbur, mashairi ya wanawake! Eeddo alisimama, akamsifu mama yake kwa mashairi, akamtaja kwa jina mbele ya wanawake wote. Ayeeyo alikaa saa mbili akingoja jina lake. Video ikakatika. Eeddo anasema mama yake alimpigia simu akilia: "Weris, mimi umenisahau?"
Nimeona aibu. Sikuweza kula chakula cha mchana. Cha jioni nilikula.

Jumatano, 12 Novemba
Nasteho ametuma ya exFAT, nzima. Ayeeyo amelisikia jina lake, amerudia mara nne, amemwombea dua Nasteho. Harusi mbili zimekwenda kwa Nasteho.
Nimeonewa. Kosa ni la buraanbur kuwekwa mwisho. Hata hivyo Jelle wa Modogashe anaoa wiki ijayo, na kazi nimeipata mimi. Flashi kumi ziko tayari, zote XFS, ya Linux vilevile. Nasikia ndiyo ya mitambo mikubwa. Televisheni za Modogashe zijipange.