Vipande Vitano vya Ngozi ya Mbuzi

Jumatatu, 4 Machi
Mkurugenzi wa makumbusho ametangaza! Ijumaa mimi na shemeji tutajadiliana mbele ya wafanyakazi wote: nani aliandika magombo ya kale ya Kiyahudi, zile hati za ngozi za kukunja, yaliyopatikana mapangoni? Mshindi atakuwa mkuu wa ukumbi wa hati. Cheo hicho nimekisubiri mpaka nywele zimenikimbia. Mimi nasema ni watawa wachache wa jangwani, palepale jirani na mapango. Shemeji anasema miandiko ni mingi mno, kwa hiyo waliandika watu wengi wa mjini, magombo yakafichwa wakati wa vita. Huyu ni kaka wa mke wangu. Hata kadi yetu ya harusi aliisahihisha.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata dawa yake. Nitaandika mwenyewe vipande vitano vya kuiga magombo, kila kimoja kwa mwandiko wake. Shemeji ataapa waandishi ni watano, nami nitasimama: ni mimi! Hoja yake chali. Fundi viatu kanipa mabaki ya ngozi ya mbuzi. Wino nimeupika kwa masizi, kwenye sufuria ya mke wangu. Kanitazama tu, na hilo ndilo baya.

Jumatano, 6 Machi
Cha kwanza, mkono wa kulia. Safi. Cha pili, kushoto. Kama kuku kapita. Cha tatu nimeandika nimelala chali. Wino umeniingia puani. Cha nne nimeandika kwa hasira, baada ya shemeji kunipigia simu kunitakia kila la heri. Mnafiki!

Alhamisi, 7 Machi
Balaa. Cha tano kila nikijaribu kinatoka pacha wa cha kwanza. Ngozi imebaki moja. Nimemwomba mke wangu anisaidie. Akauliza kama huo si udanganyifu. Nikamwambia ni utafiti, akaandika. Herufi hizo za Kiebrania baba yao aliwafundisha yeye na kaka yake utotoni, na anaziandika vizuri ajabu. Kwa nini sikuwaza hili mapema!

Ijumaa, 8 Machi
Ukumbi ulijaa. Nikamkabidhi shemeji vipande, nikamwomba aseme waandishi ni wangapi. Akavaa miwani. Akasema wawili. Vinne ni vya mtu mmoja mwenye papara, anayekatisha kila herufi ya mwisho kama basi linamwacha. Cha tano ni cha dada yake, maana huanza herufi kutoka chini, na baba yao alimkanya mpaka akachoka. Watu walicheka hadi mlinzi akaja kuangalia kuna nini. Mkurugenzi akaniuliza kama ni kweli. Nikasema inategemea. Cheo kimekwenda kwa shemeji. Nimeumia. Nimelia chooni, kidogo.

Jumamosi, 9 Machi
Shemeji kaja kunipa pole. Kala, kashiba, kasifu mwandiko wa dada yake. Mke wangu anasema hoja zangu zilikuwa nzuri, ningezieleza tu kwa mdomo. Hajui utafiti. Nimepima jambo zima kwa utulivu na kosa nimeliona: nilichukua mwandishi mwenye undugu na mpinzani. Nitamwomba Mkurugenzi mjadala urudiwe. Jirani wa ghorofa ya juu ana mwandiko mzuri sana, na nimeshauliza: hana kaka.